Si kabichi, ni bichi

"Kabichi?" mama aliuliza.

"Bichi, mama. Mti wa bichi."

"Umehamia pwani?"

Ilikuwa Jumapili ya Aprili 2018. Nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kucha zimejaa udongo, simu nimeibana kwa bega, namweleza mwanamke wa Lushoto aliyelima kabichi tangu sijazaliwa kwamba nimeshinda asubuhi nzima nikichimba shimo la mti ambao kwa Kiswahili hauna jina. Wenyewe huku Marekani wanautamka sawasawa na wanavyotamka ufukwe wa bahari, na hakuna sikio lenye namna ya kuyatenganisha maneno hayo mawili. Wataalamu wanauita Fagus grandifolia. Nilijaribu na hilo. Mama akalirudia mara moja, akasema afadhali bichi.

"Unazaa?"

"Unazaa njugu ndogo, za pembe tatu. Zinalika."

"Lini?"

Nikajibu bila kufikiri. "Ukifika miaka arobaini hivi."

Simu ikawa kimya. Nikaangalia kama mtandao umekatika. Haukukatika.

"Wewe," mama akasema taratibu, "si ulisema unarudi baada ya miaka miwili?"

Kwa sisi wa ughaibuni, "miaka miwili" ni jibu la adabu, kama "salama tu" ya mtu mwenye homa. Nimelisema tangu 2009. Nililisema nikiishi chumba kimoja na wenzangu watatu, nikalisema nilipooa, nikalisema mtoto alipozaliwa. Nilipotia sahihi mkopo wa nyumba wa miaka 30 nilimwambia mama kuwa nyumba ni biashara, tutaiuza. Na kweli nyumba huuzwa. Gari huuzwa, makochi huuzwa. Mti ukishashika mizizi haubebeki, wala hakuna mnunuzi atakayekulipa miaka uliyoungoja. Nadhani mama alilielewa jambo hilo kabla yangu, akiwa umbali wa bahari mbili, kwa kusikia tu neno arobaini.

Chanzo cha yote ni jirani.

Tunakaa kitongoji cha mashariki mwa Cleveland, jimbo la Ohio, si mbali na Ziwa Erie. Kabla ya walowezi, sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa msitu wa bichi na mepo, ile miti ya sharubati inayomiminwa juu ya chapati za maji. Walowezi walikuwa na elimu yao: penye mibichi mikubwa pana udongo mzuri wa kulima. Kwa hiyo mti ulioonyesha udongo mzuri ndio uliotangulia kukatwa. Iliyobaki iko kwenye mabonde, hifadhi ndogo ndogo, na nyuma ya nyumba za watu kama jirani yangu.

Jirani ni ajuza wa miaka themanini na kitu, anaishi peke yake. Siku ya kwanza alinisihi nimwite kwa jina lake. Sikuweza. Mwanamke wa rika la bibi yangu nitamwitaje kama mwanafunzi mwenzangu? Nikamwomba nimwite Bibi, nikamweleza maana yake, akakubali, na sasa hata mtu wa posta namsikia akimwita hivyo.

Mti wa Bibi unahitaji watu wawili kuukumbatia. Gome lake ni la kijivu, laini kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na halina zile nyufa na magamba ya miti mingine mikubwa. Matawi ya chini yanainama karibu kugusa ardhi. Julai, joto likifika nyuzi 33 na unyevu wa ziwa ukikaa hewani kama blanketi, unaingia chini yake kama unavyoingia msikitini mchana: ubaridi kwanza, halafu macho yanazoea. Nyasi hazioti pale. Kivuli ni kizito mno, na mizizi iko juu juu, imeshakunywa kila tone. Kuna benchi moja la mbao, udongo mweusi, na majani ya mwaka jana.

Kwetu Soni, huko Lushoto, kulikuwa na mkuyu uliofanya kazi hiyo. Kesi za ng'ombe aliyeingia shamba la mtu zilisikilizwa pale, posa zilipimwa pale, na vijana tulipita mbali kidogo tukijifanya hatusikilizi. Huku watu wanajenga jukwaa la mbao nyuma ya nyumba, wanaweka mwavuli wa turubai juu yake na kukaa chini ya mwavuli, mti ukiwa hatua kumi kutoka hapo. Sijawahi kuelewa.

Kwenye shina la Bibi kuna herufi nne zimechongwa kwa kisu, mbili na mbili, na mwaka 1951. Hazikuchongwa na mtu wa kwao, alizikuta. Zimetanuka kwa upana mpaka zimekuwa kama michoro ya mtoto, lakini bado ziko kifuani pa mtu mzima, palepale zilipochongwa. Niliposhangaa ndipo nilipojifunza: mti hurefuka kwenye ncha zake tu. Shina hunenepa, halipandi. Na kwa kuwa gome la bichi halichubuki na kubadilika kama la mwaloni, jeraha lililotiwa leo litasomwa na wajukuu. Kule Tennessee palikuwa na mti wa bichi uliojulikana kwa maandishi yanayodaiwa kuwa ya mwindaji Daniel Boone, kwamba aliua dubu pale mwaka 1760. Herufi zilidumu zaidi ya miaka 150, mpaka mti ulipoanguka wenyewe mwaka 1916. Mwanangu aliposikia kisa hicho alitaka kisu siku hiyohiyo. Nilimkatalia. Kila mchoro ni mlango wa kuvu na wadudu, na gome lenyewe ni jembamba kama ganda la ndizi.

Majira ya kupukutika majani ya 2017 mti ule ulizaa kupita kiasi. Hauzai hivyo kila mwaka. Hukaa miaka kadhaa ukitoa kidogo, halafu mwaka mmoja humwaga. Maganda yenye miiba laini yalipasuka, kila moja na njugu mbili ndani, na kindi wakawa kama watu waliosikia kuna mahindi ya bure sokoni. Tulikaa kwenye benchi na Bibi tukazibangua kwa kucha. Ni tamu, zina mafuta, ukizikaanga kidogo ni tamu zaidi. Ukila mbichi nyingi tumbo litakuuliza. Bibi akanisimulia kuhusu njiwa wa porini ambao zamani walikuwa wakifuata njugu hizi kwa makundi yaliyofunika jua. Nilidhani ni ngano. Nikaja kusoma kwamba ni kweli, na kwamba wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, jimbo hilihili, Septemba 1914. Ndege waliohesabiwa kwa mabilioni, na chakula chao bado kinadondoka.

Siku hiyo ndipo niliposema nami nitapanda.

Kuupata mti wenyewe ilikuwa kazi. Vitalu vingi huuza bichi wa Ulaya, kwa sababu anavumilia maisha ya kitaluni na ana sura za kuvutia wanunuzi: wenye majani ya zambarau, wenye matawi ya kulia kama mtu msibani. Wa asili ya huku hapendwi na wauzaji, anakua polepole na hapendi kuhamishwa. Kitalu cha kwanza nilichokwenda waliniletea mche wakaniapia kuwa ni wa asili. Bibi alikuwa ameshanifundisha kuangalia jani. La Ulaya ni fupi, ukingo wake una mawimbi mawimbi. La huku ni refu zaidi, na kila mshipa wa pembeni unakwenda moja kwa moja mpaka ukingoni na kuishia kwenye jino dogo kama la msumeno. Mche ule bado ulikuwa na majani makavu machache ya mwaka uliopita, nikayageuza, nikaona mawimbi. Nikashukuru nikaondoka. Kitalu cha pili, mwendo wa saa nzima kwa gari, ndiko nilikoupata: mche wa mita moja na kidogo, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, mizizi imefungwa na udongo wake ndani ya gunia. Mkubwa zaidi ungenigharimu mara nne na pengine usingeshika.

Neno kwa Waswahili wenzangu wa Marekani: usichimbe kabla ya kupiga 811. Ni bure. Wanakuja baada ya siku chache na kupaka rangi kwenye nyasi, njano kwa bomba la gesi, buluu kwa maji, nyekundu kwa umeme. Mimi mahali nilipopachagua kwanza palikuwa na mstari wa njano katikati kabisa. Nikasogea.

Mahali nilipohamia ni nyuma ya nyumba, hatua 15 kutoka ukutani, na mbali na barabara. Hatua 15 zinaonekana nyingi kwa kifimbo cha mita moja, mke wangu alinicheka, lakini taji la mti huu hutanuka mpaka mita 15 na zaidi. Kuhusu barabara, huku majira ya baridi humwagwa chumvi ili magari yasiteleze, na chumvi hiyo huishia kwenye udongo wa pembezoni. Bichi haiwezi. Haiwezi pia udongo uliokanyagwa ukashindiliwa, wala maji yaliyotuama. Inataka udongo wenye unyevu unaopitisha maji, wenye asidi kidogo, wenye mboji. Udongo wangu ni mfinyanzi mtupu. Nilijaza shimo maji jioni moja kujaribu; asubuhi yalikuwa yamenyonywa, nikasema haya.

Kosa la kwanza nililolikwepa ni la kina. Nyumbani tulifundishwa kuchimba shimo refu, kuchanganya samadi, kushusha mche. Migrivea na miparachichi ilinyanyuka hivyo na hatukulalamika. Huu hapana. Shimo liwe pana, mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina chake kisizidi bonge lenyewe. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi lazima paonekane juu ya ardhi. Nililifungua gunia nikakuta kitalu wamelifukia shina vidole vinne. Ikabidi niukwangue udongo wa juu kwa mkono mpaka nipate mwanzo wa mizizi. Udongo uliotoka ndio uliorudi, bila mbolea. Mizizi ikilelewa kwenye udongo laini wa dukani haitaki kutoka kwenda kuonja mfinyanzi. Inazunguka mulemule kama kuku wa ndani.

Kosa la pili sikulikwepa. Niliweka matandazo ya vipande vya mbao, na kwa mapenzi niliyarundika yakaegemea shina, kichuguu kamili. Mtaa mzima hufanya hivyo, na kampuni za kutunza bustani hulipwa pesa nzuri kuvijenga vichuguu hivyo kila mwaka. Bibi alitazama toka upande wake wa uzio, akaniuliza kama nimeamua kuuzika ungali hai. Matandazo yanayogusa shina hulitia unyevu, gome huoza, panya hupata nyumba. Sasa nayatandaza kama mkeka wenye tundu katikati: unene wa vidole vinne, upana nauongeza kila mwaka, na shina limeachwa huru kiganja kizima kila upande. Mkeka huo ndio dawa kuliko zote, naamini. Unatunza unyevu, unapoza mizizi, na unamzuia baba mwenye nyumba asipite na mashine ya kukatia nyasi karibu na gome.

Kumwagilia, ndoo mbili za lita 20 kila wiki isiyo na mvua, kwa majira mawili ya joto ya kwanza, polepole, ndoo imetobolewa tundu chini ili maji yashuke kwa kudondoka. Mwanangu alikuwa akikaa kutazama ndoo ikiisha. Kupogoa, karibu hakuna. Wengi wana hamu ya kukata matawi ya chini ili mti "usimame vizuri". Acha. Yanalikinga gome na jua, yanakinga mizizi, na siku ukitaka kuyaondoa utayaondoa.

Halafu yakaja majira ya baridi ya kwanza, nikajua nimeuua.

Novemba miti yote mtaani ilivua majani ikabaki mifupa. Wangu ulikauka majani ukabaki nayo. Yalikunjamana, yakawa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na hayakuanguka. Desemba yapo. Januari, theluji inafika magotini, yapo. Mti uliokufa ghafla ndivyo unavyokuwa, majani hukaukia matawini kwa kuwa hakuna uhai wa kuyaachia. Mkulima yeyote anajua. Nilitoka nikakwaruza kijitawi kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani. Nikamwuliza Bibi, akacheka mpaka akakohoa. Bichi ndivyo zilivyo, hasa zikiwa changa: majani makavu hukaa mpaka masika, mapya yanapoyasukuma. Kwa nini, wataalamu wana maelezo kadhaa. Wengine wanasema majani makavu huwakatisha tamaa kulungu wanaotafuna matumba, wengine kwamba mti hupata mbolea yake wakati unapoihitaji. Mimi nilijua tu kwamba upepo ukivuma usiku unasikia sauti ya shamba la mahindi lililosubiri kuvunwa. Nikitoka zamu ya usiku saa kumi na moja alfajiri, nikishuka kwenye gari, kiza na baridi ya kukata masikio, sauti ile inanipeleka Soni mara moja, kwenye mabua ya mama.

Sungura ndio walioniumiza msimu ule. Theluji ikifunika nyasi hutafuna magome, na wakilizungushia shina duara zima mti ndio basi. Waya wa kuku wa urefu wa nusu mita ulimaliza ugomvi. Nusu mita ni ndogo, kumbe: theluji ikilala juu, sungura anapanda juu ya theluji. Mwaka wa pili nikaweka mrefu.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikizunguka.

Mwaka 2012, kaunti ya Lake, dakika 20 kutoka kwangu, mtaalamu wa hifadhi za kaunti aliona majani ya mibichi yenye mistari myeusi kati ya mshipa na mshipa. Hakuna aliyewahi kuuona ugonjwa huo kabla. Miaka mitano watu walitafuta kuvu, bakteria, virusi. Ndipo mwaka 2017 David McCann, wa idara ya kilimo ya Ohio, akaona ndani ya majani minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, wa jamii ya nematodi, kwa maelfu. Ndugu zao walikuja kuelezwa kutoka kwa bichi za Japani. Wa huku walipewa jina lenye ukumbusho wa McCann mwenyewe: Litylenchus crenatae mccannii.

Nilipanda Aprili 2018. Kitalu kile hawakuniambia neno, na mimi sikujua la kuuliza.

Kazi ya minyoo hao ni ya kimyakimya. Mwishoni mwa majira ya joto, mvua ikinyesha, hutoka kwenye majani na kuingia ndani ya matumba, yale matumba marefu membamba yenye ncha kama mwiba ambayo bichi inatambulika kwayo. Humo hukaa baridi yote wakila. Tumba likifunguka masika, jani limeshaharibiwa kabla halijaona jua. Linatoka lina mistari, au limekunjamana nene kama ngozi ya kiatu, au halitoki kabisa. Mti hautangazi kwamba unaumwa. Kila mwaka unatoa majani machache kuliko mwaka uliopita, unajitafutia chakula kwa sahani ndogo zaidi, na mti mdogo unaweza kumalizika ndani ya miaka michache.

Mistari huonekana vizuri ukisimama chini na kutazama juu, mwanga ukipita ndani ya jani. Juni 2019 nilikuwa nimelala kwenye benchi la Bibi, nimetoka kazini, macho juu. Nikaiona. Nikanyamaza. Nilikaa nayo wiki nzima kama daktari asiyejua amwambieje mgonjwa, na nilipomwambia alisema ameiona tangu mwaka juzi. Alidhani ni uzee wa macho yake.

Kwangu iliingia 2020. Majani matatu ya tawi la chini.

Kinachofanyika kwa mti mdogo ni kuumwagilia kwenye udongo, kuzunguka shina, dawa ya fosfaiti ya potasiamu iliyochanganywa na maji, mara mbili kila majira ya joto, kwa kupishana mwezi. Haiondoi ugonjwa, inausaidia mti uwe na nguvu ya kuvumilia. Kuna na dawa ya kunyunyiza majani, fluopairamu, ambayo huachiwa wenye leseni. Kwa mti wa ukubwa wa ule wa Bibi, kunyunyiza kunataka mitambo ya kufika juu na pesa za kila mwaka. Fundi wa miti alikuja, akazunguka, akapiga shina kwa kiganja kama anavyopigwa ng'ombe wa mnadani, akataja kiasi. Bibi akamshukuru, akamkaribisha chai, akamwambia ana miaka themanini na mbili na mti una zaidi, watakwenda wote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, huku kaskazini mashariki mwa Ohio, apande nini cha kivuli, namwambia apande mwaloni mweupe. Ni wa asili, unaishi karne nyingi, na hauna ugonjwa huu. Nasema hivyo kwa moyo mkunjufu, na nikimaliza kusema nakwenda kupima fosfaiti kwenye jagi. Kuna msemo kwetu kwamba mwana akizaliwa kilema hatupwi. Huu umefika mita tatu. Masika yaliyopita nilihesabu matumba ya tawi moja: ishirini na sita, yakafunguka ishirini na moja, na kati ya hayo yenye mistari yalikuwa manne. Nimeshawahi kuwa na hesabu mbaya zaidi. Na msituni watafiti wanatafuta mibichi ambayo imezungukwa na wagonjwa na yenyewe haishikwi. Wanachukua vikonyo vyake na kuviunganisha kwenye miche. Holden Arboretum, bustani ya miti iliyo ndani ya kaunti hiyohiyo ulikoanzia ugonjwa, ni mojawapo ya wanaoishughulikia kazi hiyo. Ni kazi ya watu wenye subira ya mkulima wa minazi.

Mti wa Bibi umebaki nusu. Upande wa kusini bado una majani, upande wa kaskazini unaona anga. Chini yake, mahali ambapo hapakuota kitu miaka yote, nyasi zimeanza. Ni nyasi nzuri, za kijani kibichi, na sote wawili tunazichukia.

Februari hii nilimpigia mama kwa video, nikatoka nje na simu kumwonyesha theluji, ambayo hachoki kuiona. Upepo ukavuma.

"Nani anavuna mahindi?" akauliza.

Nikamwonyesha mti. Ameshausikia miaka yote hii lakini alikuwa hajauona vizuri. Akauangalia kitambo. Akauliza majani yamekufa au vipi, nikamweleza. Akauliza dawa, nikamweleza. Kuhusu miaka miwili hakuuliza, na mimi sikuitaja. Sijui tangu lini tumeacha. Akataka kujua jambo moja tu.

"Kivuli chake sasa hivi kinatosha watu wangapi?"

Nilikipima Julai iliyopita, saa nane mchana, kwa kiti cha plastiki. "Mmoja, mama."

"Na mimi nikija nitakaa wapi?"

Bibi ameshaniambia nilichukue benchi lake. Ni la watu wawili, wembamba. Ardhi ikiyeyuka nitalivusha uzio na mwanangu, na nitaweka mbao pana chini ya miguu yake, ili lisididimize udongo juu ya mizizi.